Nyumba Iliyomsema Bibi Navoneiwa

Eliaichi alikuwa na mikono ndani ya beseni hadi viwiko, anasugua tangawizi kwa burashi ya kufulia, Mama Kiondo alipoingia uani bila hata hodi.

"Mama Hosea, acha hiyo kazi. Unajua mama mkwe wako yuko wapi?"

"Si mko naye kwenye umoja wa wanawake? Ametoka hapa saa nane na kitenge chake cha bluu."

"Yuko kule. Mimi nimetoroka nije nikwambie. Wamemnunulia mpira. Ule wa hospitali, wa kutandika juu ya godoro. Wameufunga kwa karatasi ya maua, na leo wanamkabidhi mbele ya watu. Kuna na wimbo."

"Mpira wa nini? Nani anakojoa?"

Mama Kiondo akamtazama. Kisha akatoa simu kifuani, akaifuta kwa kanga, akamshikisha. "Ina maana nyie wa nyumba hii hamsomi?"

Eliaichi hakuwa na simu ya kusomea. Yake ilikuwa ya tochi, ya kupiga na kupokea. Akakausha kidole kwenye gauni, akasukuma maandishi juu, akasoma.

Bi. Navoneiwa ameamka, saa 11:12 alfajiri. Bi. Navoneiwa yuko bafuni, dakika 22. Kitanda cha Bi. Navoneiwa kimelowa, tafadhali badilisha shuka. Na chini yake watu walikuwa wamejibu: Amina. Pole mama yetu. Bwana ni mwema. Mwingine alikuwa ameweka picha ya mikono inayoomba. Akasukuma tena juu, na tena. Maandishi hayakuisha. Yalianza wiki tano nyuma.

"Inatuma kila siku," Mama Kiondo akasema. "Sisi tulidhani ndivyo mlivyotaka, ili tumwombee."

"Grupu gani hii?"

"Si ile ya harusi ya shemeji yako Mbazi."

"Wamo wangapi?"

"Themanini na saba. Hata mwenye maturubai ya kukodisha yumo."

Eliaichi aliacha bomba linamwagika. Alipanda njia ya kanisani kwa mwendo ambao hakuwa ameutumia tangu mtoto wa mwisho azaliwe, lakini alikuwa amechelewa. Alimkuta mama mkwe wake kwenye kona, anashuka polepole, ameshika kifurushi cha karatasi ya maua kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake.

"Shikamoo, mama. Nipe nikusaidie."

Bibi Navoneiwa hakukitoa. Hakuwa analia. Alisema, "Nyumba yangu imenisema, Mama Hosea." Basi. Walishuka pamoja. Walipofika, bibi aliingia chumbani akafunga mlango. Baada ya kitambo akaufungua tena, kwa sababu mlango nao ulikuwa na kidude cha kutoa taarifa.

Nyinyi mnaonisikiliza, niwaambie mapema: hadithi hii haina mwizi wala mchawi. Ina watu waliompenda mama yao. Ingekuwa na mwizi ningewaomba mumkamate, tukalale. Sasa sikilizeni vizuri, maana mwisho wake nitawaachia nyinyi.

Bibi Navoneiwa alikuwa mjane wa miaka sabini na sita, huku juu Upareni kwenye tangawizi. Alikuwa mtu wa kujifunika. Tangu mumewe afariki hakuna aliyemwona kichwa wazi, sembuse kingine. Uzee ulipomfikia na mkojo ukaanza kumponyoka, alifua shuka zake mwenyewe kabla ya jogoo, akazianika humo humo chumbani kwenye kamba aliyoifunga kutoka dirishani hadi kabatini. Eliaichi, mke wa mwanawe Mbonea, aliyekuwa akiishi naye ua mmoja, alijua. Na alijua kwamba anatakiwa asijue. Kila asubuhi alimuuliza, "Umeamkaje, mama?" na mama akajibu, "Mzima," na wote wawili wakaridhika.

Kitindamimba wa nyumba, Mbazi, alikuwa Dar es Salaam, kazini kwenye jengo ambalo taa zake huwaka zenyewe mtu akiingia. Mama alipopata kizunguzungu mwaka jana, Mbazi hakulala. Akaja na fundi na vidude sita vyeupe, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Kimoja mlangoni, kimoja chini ya godoro, kimoja bafuni, vingine kutani.

"Hakuna kamera, mama. Hakuna atakayekuona," alisema. "Vinahisi tu."

"Vinahisi nini?"

"Ukiamka. Ukitembea. Ukikaa sana bafuni, labda umeanguka."

"Na vikishahisi?"

"Vinatuambia sisi watoto wako."

Mama alikubali kama mama anavyomkubalia mwanawe aliyesafiri mbali kuleta kitu.

Kosa likawa hili. Kila mtu huku anajua kwamba grupu la kamati ya harusi halifi. Harusi inakwisha, bibi harusi anazaa, grupu lipo. Lile la Mbazi lilibaki, na mama alipolazwa kwa kizunguzungu mtu akalibadilisha jina ili watu wachangie maombi: likaitwa Familia ya Bi. Navoneiwa. Mbazi alipoulizwa na fundi taarifa ziende wapi, aliona jina hilo, akabonyeza. Humo walikuwemo wanakwaya, mpambaji, mpiga picha, mshereheshaji, wakwe wa Kahama, na watu ambao hakuna anayekumbuka waliingiaje. Dada zake walikuwemo pia, ila walikuwa wamelinyamazisha zamani, wamechoka na salamu za asubuhi njema zenye maua. Na Mbazi mwenyewe alisoma taarifa kwenye programu yake. Grupu hakulifungua.

Basi walikuwepo wanawake watatu katika habari hii, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Nakundwa, binti mkubwa, alikuwa na mikono. Ana kibanda cha kutengeneza simu Same mjini, na hakuna kitu chenye waya au betri kilichowahi kumficha kitu.

Eliaichi, mkwe, alikuwa na neno. Si kwamba anaongea sana. Ni kwamba haongei. Hatanii, hapambi, hasengenyi, na kwa hiyo akisema kwamba mvua itanyesha watu huanua nguo.

Zipora, binti mdogo, alikuwa na miguu, na subira ya kuendana nayo. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, wa kupita nyumba kwa nyumba na chanjo na vyandarua. Amezoea kufukuzwa na kurudi.

Jioni ile ile Eliaichi alichomoa vidude kwenye umeme. Mama Kiondo akaja mbio na simu: Umeme umekatika, natumia betri. Bi. Navoneiwa yuko kitandani. Mbazi akapigiwa. Akalia kwenye simu kama mtoto, akasema atazima sasa hivi, kisha akapiga kusema kwamba neno la siri analo fundi, na fundi hapokei. Ujumbe ukaendelea kutoka. Mama alikaa kwenye kiti usiku kucha ili kitanda kisimseme.

Nakundwa akaja na gari la kwanza la asubuhi. Hakunywa hata chai. Aling'oa vile sita, akavipanga juu ya meza kama meno. Halafu akasimama katikati ya chumba, akazungusha macho.

"Wifi, hivi havitumi vyenyewe. Viko chini ya mkubwa wao."

"Mbazi alisema sita."

"Mbazi anasema aliyoambiwa."

Akapapasa kutani, akapanda kwenye stuli, akashusha saa ya ukutani ambayo fundi aliwapa kama zawadi ya mteja. Nyuma ya saa kulikuwa na kisanduku chenye laini ya simu. Akakipasua kwa bisibisi, akatoa betri, akatoa laini, akaikata vipande viwili kwa meno.

Mbazi akapiga. "Dada, usiving'oe! Nimempata fundi, nabadilisha grupu tu. Mama akianguka nani atajua?"

"Mama hataki kujulikana."

"Wewe ndiye utakayejibu akianguka."

"Nitajibu."

"Basi usinitafute tena."

Na kweli, Nakundwa ndiye aliyemlea Mbazi mgongoni wakati mama yuko shambani, na tangu siku ile Mbazi hakupokea simu yake. Hiyo ndiyo kazi ya Nakundwa: alifunga mdomo wa nyumba, na akampoteza mdogo wake.

Lakini mdomo wa nyumba ni mmoja, na midomo ya watu ni mingi. Mama hakutoka tena. Hakwenda kanisani, hakwenda dukani, alikula kidogo ili asihitaji maji. Watu walikuwa wanamwonea huruma, na hiyo huruma ilikuwa inamla.

Jumatano iliyofuata Eliaichi alivaa kitenge chake kizuri, akaenda kwenye umoja wa wanawake na kile kifurushi. Walipofika kwenye matangazo akasimama.

"Mmempa mama kitu kisicho chake," akasema. "Kitanda kile ninalala mimi. Tangu nijifungue mtoto wa mwisho sijiwezi. Nilihamia chumba cha mama ili mume wangu asijue, na mama alikuwa akilala kwenye mkeka. Vidude vimeandika jina lake kwa sababu chumba ni chake. Amekaa kimya anisitiri. Mpira ni wangu, nimekuja kusema asante."

Mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "Jamani, kumbe!" na Eliaichi akakaa chini. Walimwamini palepale. Ingekuwa mwingine wangeuliza mawili matatu, lakini alikuwa Eliaichi, ambaye hajawahi kuwadanganya hata umri wa kuku.

Siku iliyofuata alianika shuka zilizolowa kwenye kamba yake mwenyewe, mbele ya njia. Alizilowesha bombani.

Alikuwa akiuza maandazi shuleni na kwenye mnada. Wiki ile alirudi na ndoo kama alivyoondoka nayo. Wiki ya pili pia. Hosea alirudi nyumbani na jicho limevimba, akakataa kusema amepigania nini. Na Mbonea, mume wake, aliyejua vizuri mke wake analala wapi, alirudi kutoka kijiweni ameinamisha kichwa.

"Umemfunika mama, sawa. Mimi umenivua. Wananiuliza kama nina boti."

"Wajibu kwamba unayo."

"Unaona ni mzaha?"

"Sioni mzaha popote, Baba Hosea. Ni mama yako."

Hiyo ndiyo kazi ya Eliaichi: alihamisha aibu kutoka kitanda cha mama akaileta kwake, na jina alilolijenga kwa miaka kumi na minne likaondoka nayo.

Ila uongo wake ulikuwa na tundu. Kwenye simu themanini na saba jina la Bi. Navoneiwa lilikuwa limeandikwa kwa herufi, na pembeni yake saa na dakika, mpaka siku ambazo Eliaichi alijulikana yuko hospitali na mtoto. Mtu mmoja mwenye nafasi ya kukaa na kulinganisha angetosha. Na jumbe za zamani namna ile hazifutiki kutoka mbali. Kila mwenye simu afute kwake.

Zipora akaandika majina yote kwenye daftari, akavaa viatu vya mvua. Alianzia juu kwa wanakwaya akashuka. Kila nyumba alikaa, akanywa uji aliopewa, akaomba simu, wakafuta wote wawili, moja moja. Wengine walifuta haraka kwa aibu. Wengine walimzungusha.

Mwenye maturubai alishika simu kwa mikono miwili. "Dada, ukifuta humo utafuta na picha za maturubai yangu. Wateja nitawaonyesha nini?"

"Picha zako haziguswi. Tazama, hii hapa. Hii turubai, inabaki. Hii kitanda cha mama, inaondoka."

"Na hii?"

"Hiyo ni bafu la mama. Au na wewe nikuulize unakaa bafuni dakika ngapi?"

Akamwachia simu.

Mpambaji alikuwa amezipiga picha zile jumbe na kumtumia dada yake aliyeko Mwanga kwa kicheko. Zipora akashuka Mwanga. Wakwe wa Kahama aliwapigia simu ya picha, wakafuta huku anawatazama. Mzee mmoja mstaafu, mwinjilisti, aliyefiwa na mke zamani, alikataa siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu akasema, "Nilikuwa nasoma kila alfajiri. 'Ameamka.' Nami naamka. Sasa nitajuaje?" Mzee akafuta mwenyewe, na akamsindikiza hadi barabarani.

Siku kumi na tisa. Katikati yake ilipita siku ya chanjo, na Zipora hakuwepo kituoni. Ilipopita ya pili, nafasi yake ya uhudumu akapewa mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya Zipora: alifuta maandishi, na akakosa kazi aliyoifanya tangu akiwa msichana.

Kidude kimezimwa, aibu imehamishwa, maandishi yamefutwa. Asubuhi moja bibi alitoka na kitenge chake cha bluu, akaenda kanisani, akarudi. Kwenye njia walimsalimia shikamoo kama zamani, na hakuna aliyempa pole. Eliaichi alisikia mlango wa chumba unafungwa, na ndani yake mama anaimba, vibaya, sauti ya mtu asiyedhani anasikilizwa. Ilikuwa hivyo kwa wiki tisa. Mimi nisingewaficha: zilikuwa wiki tisa nzuri.

Ikafika Alhamisi moja ya masika.

Alhamisi Zipora ndiye hushinda na mama. Lakini Alhamisi ile aliitwa wilayani kwenda kuiombea kazi yake, na alikwenda. Eliaichi, kwa kuwa maandazi hayauziki tena, alikuwa ameanza kuvuna tangawizi kwenye mashamba ya watu, na aliondoka alfajiri. Mbonea alikuwa amefuata mawe ya kujengea, watoto shule. Na bafuni, mahali pa kile kidude, palikuwa na matundu mawili ya skrubu.

Mama aliteleza saa tatu asubuhi. Eliaichi alimkuta saa tisa. Alikuwa amelala kwenye saruji yenye maji, amevunjika nyonga, lakini kwa namna fulani alikuwa amefikia kanga kwenye msumari na kujifunika nayo hadi shingoni.

"Usiite watu," alisema. "Nifunike kwanza."

Hospitali ya wilaya walifanya walichoweza. Baridi ilikuwa imeingia kifuani. Daktari alisema kwa upole kwamba afadhali akae na watu wake. Wauguzi walipokuja kumwosha alishika shuka kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua anayo, mpaka wakaacha.

Nyumbani, jioni ya kwanza, aliwaita watatu mlangoni.

"Mtu wa kuniosha ni mmoja," akasema. "Yule aliyenisitiri. Mwingine asiniingilie. Hata nikifa, ni huyo huyo."

"Ni nani, mama?" Nakundwa akauliza.

"Mnamjua."

Akafumba macho, amechoka. Wakasema watamuuliza asubuhi. Asubuhi upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka, na ulimi haukurudi. Wakamwomba aonyeshe kwa kidole, kidole hakikuinuka. Wakamwomba afumbe macho kwa jina analotaka. Macho yalitazama dari. Wakasogea kitandani wote watatu na beseni, na mkono ule mmoja uliobaki ukakamata shuka.

Leo ni siku ya tatu hajaoshwa. Chumba kimeanza kunuka, na yeye anajua.

Walikaa jikoni, makande yanachemka. Nakundwa ndiye aliyeanza.

"Ningeviacha vile vidude, mngefuta simu za dunia nzima na kesho yake zingejaa. Uongo wa wifi ungeumbuliwa kabla ya chai. Mimi ndiye niliyeziba. Na mdogo wangu nimemkosa."

"Ungeziba ukaacha yaliyokwisha toka," Zipora akasema. "Jina la mama lingekuwa bado linatembea Mwanga. Nilizifuta kwa miguu hii, dada. Na kazi sina."

Eliaichi alikuwa anakoroga. Hakugeuka. "Simu inafutika. Kichwa cha Mama Kiondo hakifutiki. Kilikuwa lazima kipewe kitu kingine cha kushika, nikajitoa mimi. Leo mwanangu anapigana shuleni."

"Lakini wewe ni mkwe," Nakundwa akasema. "Si damu."

"Mwaka wa kumi na nne naishi humu. Wewe unakuja Krismasi."

"Wifi!"

"Nimesema vibaya. Nisamehe. Lakini ndivyo ilivyo."

Zipora akainuka kwenye kigoda. "Na kile cha bafuni nani alikitoa? Kingelia ndani ya dakika kumi. Mama alilala kwenye saruji kwa muda wa saa sita. Saa sita, dada."

Nakundwa akamgeukia. "Mimi. Nilisema nitajibu, najibu. Alhamisi ilikuwa zamu ya nani?"

"Yangu," Zipora akasema. "Nilikwenda kuitafuta kazi niliyoikosa kwa ajili yake."

"Na mimi nilikuwa shamba la watu," Eliaichi akasema, "kwa sababu maandazi yangu hayalambwi hata na mbwa. Kila mmoja wetu alikuwa mbali kwa kile alichomfanyia. Tukianza kuhesabu hivyo hatutamaliza, na mama hajaoshwa."

Wakalia kidogo, kila mmoja anatazama kwake. Kisha Eliaichi akaepua makande, akabandika sufuria ya maji mahali pake.

Mbazi alikuwa amefika mchana. Hakuwa amesema neno zaidi ya shikamoo. Dada yake mkubwa alimpa maji ya kunawa, akanawa, hawakutazamana. Mbonea aliketi pembeni yake. Eliaichi akapakua, vijiko viwili vikubwa kwa wakubwa, kimoja na nusu kwa watoto. Akahesabu kama anavyohesabu kila jioni: Mbonea, Mbazi, Nakundwa, Zipora, Hosea na wadogo zake wawili, na yeye mwenyewe, wanane. Na mama nyuma ya mlango, tisa. Wote wapo. Hakuna anayesubiriwa.

Wakala. Makande yalikuwa yameiva vizuri na hakuna aliyeyasifu. Kwenye jiko maji yakaanza kuunguruma. Mbonea akasukuma sahani, akasema bila kumtazama mtu, "Maji yamepata moto. Anayekwenda aende."

Wanawake watatu wakaweka vijiko chini kwa pamoja. Beseni liko mlangoni, na ndani yake sabuni, kitambaa, na kanga safi iliyokunjwa. Mlango ni mwembamba, na mama amesema mmoja.

Nami ninayewasimulia nimefikia hapo, sina zaidi. Yupo aliyeinyamazisha nyumba, yupo aliyejitwika aibu, yupo aliyefuta maandishi, na ukimtoa mmoja, kazi ya wawili inabomoka. Na wote watatu hawakuwepo Alhamisi ile. Wewe uliyekaa ukasikiliza mpaka maji yamechemka, mama hawezi kusema tena, sema wewe kwa niaba yake: beseni ungemkabidhi nani?